Suti ya Shirandula, Ngamia wa Lorang

Kaa na wapenda sinema wa Bungoma. Chai haitapoa kabla hujaambiwa kuwa filamu ya wenyeji ilianza na Papa Shirandula. Nawaelewa. Charles Bukeko, aliyemwigiza Shirandula na kufariki Julai 2020, aliwapa Waluhya mtu wao Citizen TV: soja wa getini anayetoka nyumbani na suti ili Wilbroda, mkewe, adhani ni mtu wa ofisi. Tulicheka, ingawa kilichochekesha mara nyingi kilikuwa lafudhi yetu.

Wengine hurudi nyuma hadi 1935, Vugiri, Tanganyika, ambako mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliwaigizisha Waafrika mafunzo ya minyoo, kodi na akiba ya posta. Ulikufa 1937. Kuuita huo mwanzo wa sinema yetu ni sawa na kumwita karani wa kodi mshairi.

Mimi natetea filamu zilizopigwa kule barabara ya Kitale inakoelekea, Turkana. Mwaka 1973 na 1974 David na Judith MacDougall walipiga picha zilizozaa filamu tatu: Lorang's Way, The Wedding Camels na A Wife Among Wives. Kamera ilikuwa ya wageni, naam, na wanaonikumbusha hilo wana haki. Lakini mwenye maneno ni nani? Ni Lorang, mzee wa Kiturkana aliye kiini cha filamu hizo. Aliwahi kutumikia jeshi la King's African Rifles, akauona ulimwengu, akarudi kwenye mifugo. Anaongea Kiturkana chake, tafsiri ikipita chini ya picha.

Katika The Wedding Camels, Kongu, rafiki na rika la Lorang, anamposa Akai, binti wa Lorang. Hapo ndipo kazi ilipo. Lorang akidai mifugo mingi, atamwumiza rafiki. Akidai michache, jamaa zake watanung'unika. Idadi inatajwa, inakataliwa, inatajwa tena. Aliyewahi kukaa kikao cha mahari kwa Wabukusu hahitaji tafsiri: anajua ule ukimya wa mzee anayetazama ardhi huku akihesabu. Hakuna mwandishi wa Vugiri aliyeandika kikao kile.

Kuna ugomvi mwingine, wa neno lenyewe "wenyeji". Ibara ya 260 ya Katiba ya 2010, ikieleza jamii zilizotengwa, inataja jamii za asili zinazoishi kwa uwindaji na ukusanyaji, pamoja na wafugaji. Basi Waogiek wa Chepkitale, Wasengwer na Waturkana wamo. Rafiki yangu Mbukusu huuliza, "Na mimi nilitoka wapi?" Swali zuri, ila Waogiek walifungua kesi 2008, wakasubiri hadi Septemba 2022 ndipo mahakama ya ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba ardhi yao ya Chepkitale iligeuzwa hifadhi ya wanyama kinyume cha sheria. Hilo si suala la nani alifika kwanza sokoni.

Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa 1974, wakati uleule wa kamera ya Turkana, yakiwa na mkusanyo wa Kanali Stoneham: vipepeo ndani ya masanduku, kila mmoja na pini yake. Kaskazini huko, Lorang alikuwa bado anabishania ngamia.