Upasuaji Huanzia Wodi ya Wazazi

Novemba 29, 1944, huko Baltimore, Marekani, Dkt. Alfred Blalock alimpasua mtoto wa kike mwenye kasoro ya moyo, aliyekuwa wa bluu kwa kukosa oksijeni. Nyuma yake alisimama Vivien Thomas, fundi Mweusi wa maabara, akimwelekeza mshono baada ya mshono. Dkt. Helen Taussig ndiye aliyetaka damu iongezwe kwenye mapafu ya watoto kama huyo, nao wakaunganisha mshipa uendao mkononi na ule uendao mapafuni.

Mimi nilianza ukunga Thika, Kenya, miaka 40 hivi baadaye. Namkumbuka mama mmoja mchuma kahawa wa Ruiru. "Sista, mbona akinyonya anatoka jasho hivi?" aliniuliza. Mtoto alivuta maziwa kidogo, akaachia ziwa, akahema, paji la uso limelowa. Nilimfungua mdomo nikatazama ulimi na ufizi, maana kwa ngozi zetu bluu huonekana hapo kwanza. Nikaandika barua ya rufaa ya Nairobi. Siku hizo wazazi wengi waliitisha harambee kanisani ili mtoto apelekwe India kupasuliwa moyo.

Miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Hospitali ya Mater, iliyoanzishwa na watawa mwaka 1962 pale South B, ilianzisha mbio za Heart Run. Ukinunua fulana, umechangia upasuaji wa mtoto asiye na uwezo.

Wachanga wa siku chache ndio walioendelea kutuponyoka. Mtoto akiwa tumboni, damu yake hukwepa mapafu kwa kupitia mfereji mdogo karibu na moyo. Akishazaliwa, mfereji huo huanza kujifunga. Kwa mwenye kasoro fulani ya moyo, uhai wake hutegemea mfereji huo. Basi huruhusiwa kwenda nyumbani akinyonya vizuri, na siku ya tatu anabadilika ghafla. Dawa ya prostaglandini huweza kuuacha mfereji wazi hadi afike kwa wapasuaji, mradi kasoro ijulikane mapema.

Oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, huweza kuitambua mapema: kibana kwenye mkono wa kulia, kisha mguuni, dakika chache tu, bila sindano. Mwaka 2011 Marekani ilipendekeza kila mchanga apimwe hivyo. Sisi nasi tuna barabara pana ya kufika Nairobi na, tangu 2019, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta jirani na Ruiru. Kila wodi ya wazazi, kuanzia Thika hadi zahanati ndogo kabisa ya Ruiru, iwe na oksimita, na mama asiruhusiwe kabla mtoto hajapimwa.