Embakasi: Abiria Hutangulia, Majengo Hufuata

Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet iliondoka London kuelekea Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria waliokata tiketi kusafirishwa kwa injini za jeti. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Nairobi haikuwemo. Mji uliokuwa na walowezi wengi kuliko majirani zake, na ambao tangu 1946 ulikuwa makao ya shirika la East African Airways, uliachwa kando. Jeti ilipita Uganda.

Nairobi wakati huo ilitegemea uwanja wa Eastleigh, ambao kimsingi ulikuwa kambi ya Jeshi la Anga la Uingereza. Ndege za kiraia zilikuwa wageni tu pale. (Msomaji wa leo akisikia Eastleigh huwaza nguo za bei ya jumla na msongamano wa mikokoteni, lakini uwanja ungalipo, ukiitwa Moi Air Base.) Upande wa Lang'ata kulikuwa na uwanja mdogo uliotokana na kampuni ya Bi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha biashara ya ndege nchini mwaka 1929, na ambao tangu 1962 unaitwa Wilson. Viwanja vyote viwili havikujengwa kwa ajili ya ndege nzito zilizokuwa zikija. Serikali ya kikoloni ikageuza macho kuelekea mashariki mwa mji, kwenye uwanda wa Embakasi.

Uwanda huo una udongo mweusi ambao wakazi wa Embakasi wanaujua vizuri: mvua ikinyesha hunata hadi kung'oa kiatu mguuni, jua likiwaka hupasuka nyufa. Kuusawazisha na kuujengea njia ya kurukia ndege ilikuwa kazi ya mashine kubwa na fedha nyingi. Serikali ilikuwa na kitu kingine. Tangu Oktoba 1952 nchi ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, na magereza na kambi zilijaa watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau au kula kiapo chao. Maelfu yao walipelekwa Embakasi. Walichimba, wakavunja mawe na kuyabeba, kwa sururu, sepetu na mikono yao. Mwanahistoria Caroline Elkins, aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2006 kwa utafiti wake kuhusu kambi hizo, ameitaja Embakasi miongoni mwa mahali ambapo kazi ya kulazimishwa ilikuwa kali mno, kwa kuwa wakubwa walikuwa na haraka ya kumaliza.

Habari hii haiko kwenye vitabu vya matangazo ya utalii, nami sishangai. Lakini ni lazima ianze hapo simulizi yoyote ya uwanja huu, kwa sababu swali la nani anaujenga, kwa masharti ya nani na kwa faida ya nani, limeulizwa tena katika kila kizazi kilichofuata.

Uwanja ulizinduliwa mwaka 1958 na Gavana Evelyn Baring. Mama yake Malkia Elizabeth ndiye aliyekuwa ameandaliwa heshima hiyo, ila ndege yake ilipatwa na hitilafu akitoka Australia, akachelewa. Ukiangalia kwa jicho la msafiri, uzinduzi wa uwanja wa ndege kukosa mgeni rasmi kwa sababu ya ndege kuharibika ni kichekesho kizuri.

Njia ya kurukia ndege ilihitaji kuwa ndefu, na leo inazidi kilomita 4. Hili lina sababu yake. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mchana wa jua huwa nyepesi zaidi. Mabawa hayapati pumzi ya kutosha kuinua ndege mapema, nayo injini hupungukiwa nguvu. Ndege iliyojaa mafuta na abiria wa Ulaya hukimbia umbali mrefu zaidi Nairobi kuliko Mombasa kabla magurudumu hayajaacha lami. Hii ni sababu mojawapo ya ndege nyingi za masafa marefu kuondoka usiku, baridi ikiwa imeingia, na ndiyo maana Wakenya wengi wamewaaga ndugu zao pale saa nne na saa tano za usiku.

Katika miaka ya 1960 ndege za jeti zilizoikwepa Nairobi zikawa zinamiminika. Watalii walikuja kwa makundi, na East African Airways, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika (baadaye Tanzania), ilinunua VC10 zake na kufanya Embakasi kuwa nyumbani. Hapo ndipo ubishi wa kikanda ulipozaliwa. Dar es Salaam na Kampala zililalamika kwamba shirika ni la watatu lakini karakana, ajira na fedha ziko kwa mmoja. Tanzania ilifungua Uwanja wa Kilimanjaro mwaka 1971 ili watalii wa Serengeti na Ngorongoro wasilazimike kupitia Nairobi. Julai 1976 Embakasi iliingia kwenye historia kwa njia nyingine: ndege za Israeli zilizotoka kuwaokoa mateka Entebbe zilitua hapo kujaza mafuta, na Idi Amin hakuisamehe Kenya.

Mwaka uliofuata kila kitu kilisambaratika. East African Airways ilikufa mwanzoni mwa 1977, Kenya Airways ikaundwa Januari mwaka huo, Tanzania ikafunga mpaka na kuanzisha shirika lake. Unaweza kudhani uwanja wa Nairobi ungedorora. Kumbe ng'ambo ya pili ya njia ya ndege, upande wa kusini, jengo jipya la abiria lilikuwa linakamilika kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Rais Jomo Kenyatta alilifungua tarehe 14 Machi 1978. Agosti akafariki, na uwanja ukapewa jina lake. Majengo ya zamani ya kaskazini yakabaki mikononi mwa jeshi la anga.

Watu wamezoea kulitukana jengo hilo la 1978, na mimi nitalitetea kidogo. Lilichorwa kwa umbo la nusu duara, magari yakiegeshwa katikati na ndege zikizunguka kwa nje. Wazo lilikuwa kwamba abiria ashuke kwenye teksi, avuke ukumbi, apande ndege, bila kutembea mwendo mrefu. Kwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka, idadi ambayo jengo lilikusudiwa, lilifanya kazi yake vizuri. Waliolichora hawakuweza kujua kwamba siku moja kila mzigo utapitishwa kwenye mashine, kila mkanda wa suruali utavuliwa, na kwamba Marekani itadai anayefika na anayeondoka wasikutane kabisa. Humo ndani walikutana kwenye ujia uleule.

Tena ujia wenyewe ulikuwa umepunguzwa na maduka yasiyotozwa ushuru. Mkataba wa maduka hayo, Nairobi na Mombasa, ulitolewa mwaka 1989 kwa kampuni ya World Duty Free. Uhusiano ulipoharibika, mwenye kampuni aliishtaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na katika ushahidi wake mwenyewe akaeleza kwamba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi ili apate biashara. Mwaka 2006 baraza likaitupa kesi yake: mkataba uliopatikana kwa hongo hauwezi kumpa mtu haki ya kudai. Wanasheria duniani kote husoma uamuzi huo hadi leo. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Nchini (KAA), iliyoundwa 1991, ilirithi uwanja wenye mikataba ya namna hiyo.

Kilichoongeza abiria kwa kasi kilitokea mwaka 1996, serikali ilipouza sehemu ya Kenya Airways na KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26. Biashara ikabadilika. Badala ya kungoja watalii wa kushuka Nairobi, shirika lilianza kuwakusanya watu wa Bujumbura, Kigali, Lubumbashi, Lilongwe na Lusaka, likawapitisha Nairobi na kuwapeleka Amsterdam, Dubai au Guangzhou. Huyu ni abiria wa aina yake. Hapitii kwa maafisa wa uhamiaji, haangalii twiga, anahitaji kiti, choo safi, chai na ndege isiyochelewa. Nusu duara ya 1978 haikumfikiria. Alilala sakafuni, kichwa kwenye begi la mkononi. Kufikia 2012 uwanja ulikuwa ukipitisha zaidi ya abiria milioni 6 kwa mwaka, mara mbili na zaidi ya kipimo chake.

Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013, moto ulizuka kwenye sehemu ya uhamiaji ya wanaowasili kutoka nje. Uliteketeza ukumbi wote. Vifaa vya zimamoto vilikuwa haba kiasi kwamba picha za askari wakihangaika na ndoo zilizunguka dunia. Hakuna aliyekufa. Ndege zilielekezwa Mombasa, Eldoret na Kisumu, na siku iliyofuata safari za kimataifa zikaanza kurejea. Wageni walipigiwa mihuri kwenye mahema, kisha kwenye ghorofa ya chini ya jengo la kuegesha magari. Nani angeamini kwamba gereji ingefanya kazi hiyo, tena kwa ustadi ambao ulishangaza hata waliokuwa wakilalamika juu ya ukumbi ulioungua?

Baada ya moto, miaka miwili ilitosha kukamilisha kilichoshindikana kwa ishirini. Jengo jipya la 1A lilifunguliwa 2014 na jengo la vipande vya kuunganisha, Terminal 2, mwaka 2015. Wanaowasili na wanaoondoka wakatenganishwa, Februari 2017 Marekani ikaipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na Oktoba 2018 Kenya Airways ikaruka moja kwa moja hadi New York. Abiria naye akaongezewa utaratibu wake: kushuka garini kwenye lango la nje, kupita kwenye mashine kwa miguu, kisha kumtafuta dereva wake upande wa pili.

Lakini hayo yalikuwa viraka. Tiba iliyotangazwa ilikuwa Greenfield, jengo la abiria milioni 20 ambalo Rais Uhuru Kenyatta aliliwekea jiwe la msingi Desemba 2013. Makampuni ya China yalipewa kandarasi ya takriban Sh56 bilioni. Malipo ya awali ya zaidi ya Sh4 bilioni yalitoka. Mwaka 2016 mradi ukafutwa, na hapo palipotarajiwa kuinuka jengo hakuna kilichoinuka.

Majirani hawakungoja. Januari 2019 Addis Ababa ilizindua upanuzi wa uwanja wake wa Bole, uwezo ukafika abiria milioni 22 kwa mwaka. Agosti mwaka huohuo Rais Magufuli alifungua Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, la abiria milioni 6. Rwanda nayo ikaingia ubia na Qatar kujenga uwanja wa Bugesera. Siwezi kusema kwamba jengo zuri pekee huleta abiria. Ndege za Ethiopia ndizo zilizoijaza Bole, si marumaru yake. Lakini Nairobi ilikuwa na abiria tayari, na huko ndiko uchungu unakotoka.

Janga la korona lilisimamisha safari za kimataifa kutoka Machi 25 hadi Agosti 1, 2020, likawapa wapangaji muda wa kupumua ambao hawakuutumia. Abiria wakarudi, wakazidi milioni 8 kwa mwaka, wakati uwezo wa majengo yote hutajwa kuwa milioni 7.5. Mvua za 2024 zikavujisha paa, na video za maji yakidondoka ukumbini zikawa burudani ya mitandaoni.

Julai 2024 nyaraka zilifichuliwa mtandaoni zikionyesha kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imependekeza kuuchukua uwanja kwa miaka 30, iwekeze dola bilioni 1.85, ijenge jengo jipya na njia ya pili ya ndege. Wananchi hawakuwa wameambiwa. Mahakama Kuu ilisimamisha mpango Septemba 9. Siku mbili baadaye wafanyakazi waligoma, ndege zikakwama, na maelfu ya abiria wakasimama nje na mizigo yao. Novemba 20 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki Gautam Adani kwa tuhuma za hongo nchini India, ambazo kampuni yake ilizikana. Kesho yake Rais William Ruto aliufuta mpango huo mbele ya Bunge, wabunge wakashangilia kwa muda mrefu.

Mimi nilifurahia kufutwa kwa mkataba uliofichwa. Ila pamoja nao ilianguka njia ya pili ya ndege, ambayo Nairobi inaihitaji kuliko ukumbi wowote wa vioo. Jengo likijaa, mahema hufaa, gereji ilishathibitisha. Njia ya ndege haina hema. Ndege moja ikipasukiwa magurudumu katikati ya lami, maua ya Naivasha yanayongojewa Ulaya, abiria wa Lubumbashi na mtalii wa Maasai Mara wote husubiri mpaka ivutwe pembeni. Fedha za kuijenga zitatoka kwa mkopo, kwa mbia au kwa ada ambayo kila abiria hulipa ndani ya tiketi yake. Serikali itakapochagua, iweke mkataba mezani kabla ya kuutia saini, si baada.