Nasaba ya Masultani wa Kilwa

Mnamo mwaka 1877 kitabu kidogo cha Kiarabu kilinakiliwa Unguja, na nakala hiyo ikamfikia Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, naye akaitoa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Jina lake ni Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, yaani kitabu cha maliwazo juu ya habari za Kilwa. Mtungaji wake hakujitaja jina. Aliandika katika karne ya 16, baada ya majahazi ya Wareno kuonekana pwani, na katika dibaji yake aliahidi sura kumi. Nakala iliyopo yakoma katika sura ya saba. Hata hivyo, tangu Strong alipoipiga chapa mwaka 1895, hakuna mtu aliyeandika juu ya masultani wa Kilwa pasipo kuanza na karatasi hizo chache.

Si kitabu hicho peke yake kilichohifadhi nasaba hiyo. Mreno João de Barros, aliyekuwa mtumishi wa serikali yake huko Lisbon na ambaye hakupata kuiona Kilwa kwa macho, alipata tarehe ya wafalme wa mji huo, akaitia katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1552. Na wenyeji wa Kilwa nao walikuwa na hadithi yao kwa Kiswahili, iliyosimuliwa kizazi kwa kizazi, ikaandikwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Basi ziko habari tatu za babu mmoja. Katika mambo makubwa zinapatana: mtu alitoka Uajemi, akafika kisiwani, akakinunua kwa nguo, na uzao wake ukatawala. Lakini mwenye kuchunguza nasaba hanufaiki sana na mapatano. Faida yake iko pale wasimulizi wanapoachana njia, kwa kuwa kila mmoja aacha njia kwa sababu yake.

Kitabu cha Kiarabu chasema kwamba mfalme wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji, akafahamu kuwa nchi yake itaharibika. Akaondoka na wanawe sita katika merikebu saba, na kila merikebu ikatia nanga mahali pake. Mojawapo ilifika Mombasa, nyingine Pemba, ya sita Kilwa, na ya saba Hanzuani. Maana ya habari hii kwa nasaba ni wazi. Miji hiyo yote yafanywa ndugu wa baba mmoja, na hakuna hata mmoja uwezao kuuambia mwingine kuwa wenyeji wake ni watu wa juzi. Hivyo ndivyo nasaba zilivyotumika mahali pengi duniani: kuandika mkataba wa ujirani kwa lugha ya damu. Merikebu saba za baba na wanawe sita ni hesabu nzuri mno kuwa kweli yote.

Barros hana merikebu saba. Kwake ziko mbili tu, nazo zatoka Hormuz. Lakini anayo habari ambayo kitabu cha Kiarabu hakikuitia. Asema kwamba mfalme wa Shiraz, ambaye yeye amwita Hocen, alikuwa na wana saba, na mmoja wao, Ali, alidharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, ilhali mama yao wao alikuwa wa ukoo mtukufu wa Kiajemi. Kwa sheria ya Kiislamu mwana wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni muungwana, naye hurithi sawa na nduguze. Sheria yasema hivyo. Ndimi za watu zina sheria yake. Ali hakuhama kwa ndoto ya panya. Alihama kwa sababu ya mama yake.

Kwa nini basi habari hii imo katika kitabu cha Mreno na haimo katika kitabu cha mwenyeji? Yawezekana Barros alipata nakala ya zamani zaidi. Yawezekana pia mtungaji wa Kiarabu aliijua akaipita, maana aliandika kwa kuutukuza mji wake na ukoo wa watawala wake, na mwandishi wa namna hiyo huchagua la kunyamazia. Jambo moja ni hakika: hakuna mtu mwenye faida ya kubuni mama mjakazi kwa ajili ya babu wa wafalme. Katika uchunguzi wa nasaba, habari isiyompendeza mwenye nasaba ina uzito kuliko kumi zimpendezazo.

Hadithi ya Kiswahili yaendelea mbali zaidi, wala haimtafuti mama huko Uhabeshi. Yasema kwamba mgeni alimkuta kisiwani mkuu wa mahali aitwaye Mrimba, akamwoa binti yake, kisha Mrimba akapewa nguo nyingi, akahamia bara. Akazaliwa mtoto. Alipokua alikwenda bara kumtazama babu yake mzaa mama, na babu huyo akamkabidhi mamlaka yake. Hapa nguo zimekuwa mahari kuliko bei, na ufalme wa bara haukununuliwa hata kidogo. Ulirithiwa kwa upande wa kike. Msimulizi wa Kilwa alijua kuwa kwa watu wa bara cheti cha Shiraz hakitoshi. Ilimpasa mtawala awe mjukuu wa mtu wa pale. Kwa hiyo ukoo mmoja ulikuwa na nasaba mbili: moja ya kusomwa msikitini na mbele ya wageni wa baharini, nyingine ya kutajwa mbele ya wazee wa bara.

Sasa yafaa kuuliza mambo hayo yalitokea lini. Kitabu cha Kiarabu chataja katikati ya karne ya tatu ya Hijra. Barros asema karibu na mwaka 400 wa Hijra, yaani mwanzoni mwa karne ya 11. Freeman-Grenville, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alihesabu miaka ya kila sultani akapata mwanzo wa karibu mwaka 957. Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi tangu mwisho wa miaka ya 1950, hakuridhika na hesabu za vitabu. Aliangalia ni tabaka gani za udongo zilizotoa sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, na mwaka 1965 akatoa shauri kwamba nasaba ya Washirazi haikuanza Kilwa kabla ya mwisho wa karne ya 12. Shauri hilo lilikubaliwa na wengi kwa karibu miaka 20.

Kisha, mwaka 1984, zilionekana Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba sarafu za fedha zaidi ya 2000 zilizofichwa pamoja, na kati yake dinari chache za dhahabu za nchi za nje. Ali bin al-Hasan amo katika sarafu hizo za fedha, ilhali dinari za kigeni ni za kabla ya karne ya 12. Maadamu mali ilifichwa pamoja, Ali huyo hawezi kuwa mtu wa mwaka 1200. Amerudishwa karne ya 11, karibu sana na mahali alipowekwa na Barros ambaye hakupata kuvuka Hormuz wala Kilwa. Tena yadhihirika kuwa jina lake lilikuwa na nguvu Pemba kama lilivyokuwa Kilwa, hata imekuwa vigumu kusema ni mji upi uliomtangulia mwenziwe kuwa naye.

Jina lenyewe lina mashaka yake. Sarafu zasema Ali bin al-Hasan. Kitabu cha Kiarabu na Barros wamwelekea al-Husain. Katika hati ya Kiarabu tofauti ya majina hayo mawili ni herufi moja, na mwandishi aliyechoka aweza kuiongeza au kuiacha asijue. Isitoshe, ukoo huu, kama koo nyingi za kifalme, ulirudia majina: Ali, Hasan, Sulaiman, Daud, kisha tena Hasan na Ali. Mtoto hupewa jina la babu yake ili babu asipotee, na matokeo yake ni kwamba babu hupotea kabisa, kwa kuwa mnakili akutapo Hasan bin Sulaiman mara mbili hudhani ameandika mtu mmoja mara mbili, akafuta mmoja. Vizazi viwili au vitatu vyaweza kumezwa hivyo kwa kalamu moja. Sarafu haina ila hiyo. Aliyeipiga alitaka jina lake lisomwe sokoni siku ile ile, wala hakufikiri juu ya wanahistoria.

Mwishoni mwa karne ya 13 nyumba hiyo ilipinduliwa. Aliyeshika nchi ni al-Hasan bin Talut, ambaye kitabu chamwita al-Mahdali, na Mahdali ni ukoo wa masharifu wa Yemen. Basi Shiraz ikaachwa, na mahali pake pakaja nasaba iliyo bora zaidi machoni pa Waislamu, ile ifikayo kwa Mtume mwenyewe. Mjukuu wake, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye sultani aliyekutwa na Ibn Battuta mwaka 1331, na ndiye ambaye maandishi yaliyochongwa katika mawe ya Husuni Kubwa yampa cheo cha mfalme mwenye kunusuriwa. Alipokuwa kijana alikwenda kuhiji, akakaa Aden miaka miwili kusoma, na ndugu yake Daud akamshikia nchi.

Ibn Battuta asimulia kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Aliitenga sehemu ya tano ya ngawira katika hazina yake kwa ajili ya jamaa za Mtume, na masharifu walikuwa wakimjia kutoka Iraki na Hijazi ili kupokea fungu lao. Katika karne ya 14, kwenye kisiwa hiki, nasaba nzuri ilikuwa mali ya kupokelewa mkononi. Mtu aliyeweza kuhesabu baba zake mpaka kwa Hasan au Husain aliondoka Kilwa akiwa tajiri kuliko alivyofika. Mahali ambapo hesabu ya mababu ina malipo ya namna hiyo, si ajabu kwamba waandishi wa nasaba hawakosi kazi. Wala si haki kudhani kuwa wote walikuwa waongo. Masharifu wa kweli walikuwako, na ndio walioifanya bidhaa hiyo kuwa na bei.

Karne ya 20 iliirudisha Shiraz kwa nguvu. Unguja na Pemba maelfu ya watu walijiita Washirazi, si kwa kudai ufalme bali kwa kudai kuwa wenyeji wa visiwa, wasiwe Waarabu wala watu waliokuja juzi kutoka bara, na mwaka 1957 jina hilo likaingia katika chama cha siasa, Afro-Shirazi. Wakati huo huo wataalamu wengi walianza kuiona nasaba yenyewe kama ngano tupu: Waswahili ni watu wa Afrika, miji yao ilikua hapa hapa, na Shiraz ni pambo walilojivika wafanya biashara ili waheshimiwe baharini. Kwa upande wa miji, wataalamu hao walikuwa na haki, maana majembe ya wachimbaji yameonyesha vijiji vya udongo na miti chini ya misikiti ya mawe.

Kwa upande wa koo, jambo limekuwa gumu zaidi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, kwa kuisoma asili ya damu iliyobaki ndani yake. Ilionekana kwamba kuchanganyika kwa watu wa Afrika na watu wa Asia kulianza karibu na mwaka 1000, ya kwamba upande wa baba ulitoka kwa sehemu kubwa Uajemi, na upande wa mama karibu wote ulikuwa wa Afrika. Tahadhari yahitajika hapa. Wengi waliochunguzwa walizikwa mahali pa heshima, karibu na misikiti, kwa hiyo habari ni ya waungwana kuliko ya mji mzima. Nao mfupa hautaji jina; hakuna ajuaye kama yumo kati yao hata mmoja wa uzao wa Ali. Lakini mwaka 1000 ndio mwaka wa Barros na wa sarafu za Mtambwe, na akina mama wa Afrika ndio wale ambao Barros aliwaandika kwa jina la mjakazi, hadithi ya Kiswahili ikawaandika kwa jina la binti wa Mrimba, na kitabu cha Kiarabu hakikuwaandika.

Nasaba ya baba peke yake ilifikia mwisho wake Julai 1505, Francisco de Almeida alipoushambulia mji. Aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim, na sultani wa haki, al-Fudail, alikuwa ameuawa miaka michache kabla. Ibrahim akakimbia, na Almeida akamvika taji Muhammad bin Rukn ad-Din, tajiri wa mji ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme, naye mwenyewe alilijua hilo. Kwa habari ya Barros, sultani huyo mpya aliomba jambo lililowashangaza Wareno: kwamba, ingawa alikuwa na watoto wake, atakayemrithi awe mwana wa al-Fudail. Kwa mizinga ya Almeida aliweza kuupata ufalme, lakini hakuona namna ya kuupa uzao wake. Mwaka uliofuata aliuawa, na watu wa koo zilizobaki wakaanza kushindana juu ya kiti chake mbele ya nahodha wa ngome ya Wareno, kila mmoja akimhesabia baba zake kwa midomo ya wakalimani, mpaka mwaka 1512 ambapo Wareno waliiacha ngome, wakaondoka zao.