Mfalme wa Benga Alizaliwa Shirati, Kenya Ikamchukua. Ilikuwaje?

Ukitoka Mwanza mjini ukapita Magu, Lamadi na Bunda, ukaiacha njia ya kuingia Musoma, ukasonga mpaka karibu na mpaka wa Kenya kisha ukakata kushoto kuelekea ziwani, utafika Shirati. Mji mdogo tu, mkoa wa Mara. Wengi wanaujua kwa ile hospitali ya Wamenonite, wamisionari waliofika pale mwaka 1934. Lakini jina la mji huo limeandikwa kwenye santuri zilizouzwa mpaka London, na aliyelifikisha huko ni mtoto wa hapo hapo.

Anaitwa Daniel Owino Misiani. D.O. Misiani. Uliza kijana yeyote wa Kanda ya Ziwa mfalme wa benga ni nani, kama akikumbuka jina hilo atakwambia "yule Mkenya". Wapi! Jamaa alizaliwa tarehe 22 Februari 1940, Nyamagongo, kaskazini kidogo ya Shirati. Mtanganyika kabisa.

Nyumbani kwao walikuwa watu wa dini, na gitaa halikutakiwa. Enzi hizo mpiga gitaa alionekana mhuni, mtu wa pombe na wanawake. (Wazazi wa leo wanasema hivyo hivyo kuhusu bongo fleva, kwa hiyo tusiwacheke wa zamani.) Dogo hakusikia. Miaka ya 1960 akavuka kwenda Kenya kutafuta muziki, na mwaka 1965 akatoa santuri yake ya kwanza.

Sasa benga yenyewe ni nini? Wajaluo wana chombo kinaitwa nyatiti, kina nyuzi nane, mpigaji anakaa chini anakidonoa kwa vidole huku akiimba habari za watu: nani kafa, nani kaoa, nani tajiri mchoyo. Vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walipopata magitaa, wakayadonoa vile vile kama nyatiti. Nyuzi hazikwanguliwi zote kwa pamoja, zinadonolewa mojamoja, haraka, mpaka unahisi gitaa linaongea Kijaluo. Besi nayo haijifichi nyuma kama kwenye rumba, inaruka ruka mbele kabisa. Halafu kuna pale mwimbaji anaponyamaza na solo linashika usukani. Hapo ndipo ukumbi unapochafuka. Misiani hakuanza peke yake, walikuwepo kina John Ogara, Nelson Ochieng na George Ramogi, kila mtu na mkono wake. Ila Misiani ndiye aliyekaa kwenye kiti muda mrefu kuliko wengi.

Swali sasa. Kwa nini mtu wa Shirati asirudi kwao akaiwasha benga Musoma na Mwanza? Ziwa ni lile lile, Wajaluo wapo pande zote mbili, na meli zilikuwa zinazunguka Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba.

Jibu la kwanza ni lugha. Redio ya taifa hapa kwetu ilikuwa moja, na ilitangaza kwa Kiswahili. Nyimbo za lugha za makabila hazikuwa na nafasi pale. Nchi ilikuwa inajengwa iwe moja, na hilo limetusaidia sana, hakuna wa kubisha. Ila lilikuwa na gharama yake, na mmoja wa waliolipa ni msanii aliyetunga kwa Kijaluo. Kenya redio ilikuwa na vipindi vya Kijaluo. Jamaa angerudi kufanya nini?

La pili ni hela. Bendi kubwa za Tanzania zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz chini ya polisi, JKT nao na bendi yao. Mwanamuziki analipwa mshahara kama karani. Mfumo mzuri kwa aliye ndani. Kwa aliye nje, tena anayeimba lugha ya kwao, mlango ulikuwa mwembamba. Na viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi. Ndiyo maana Mbaraka Mwinshehe alirekodi Nairobi, na wale ndugu wa Simba Wanyika, watoto wa Tanga, walihamia Kenya mwaka 1971.

Halafu ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, Tanzania inafunga mpaka na Kenya. Ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Miaka sita na zaidi! Fikiria bendi yenye jina la mji wa Tanzania inapiga Kenya, na barabara ya kwenda kwenye mji huo imefungwa.

Wakati huo huo muziki ulikuwa unasafiri kuliko wenyewe. Mfanyabiashara Oluoch Kanindo alisambaza santuri za benga mpaka Zimbabwe, watu wa huko wakaiita benga "kanindo". Moja ya lebo zake iliitwa Sungura, na leo muziki wa dansi wa Zimbabwe unaitwa hivyo hivyo, sungura. Neno letu la Kiswahili, linachezwa Harare.

Mwaka 1987 Shirati Jazz wakatoa albamu Benga Beat kupitia World Circuit ya London, kampuni ile ile ambayo miaka kumi baadaye ilitoa Buena Vista Social Club, wale wazee wa Cuba waliokuwa wamesahaulika kwao mpaka dunia ikawashangilia. Wazee wa Cuba waliipata hiyo bahati. Musoma hakuna aliyekuja na mashine ya kurekodi.

Kenya kwenyewe haikuwa starehe tupu. Walimwita Mfalme wa Historia kwa sababu nyimbo zake zilikuwa na mafumbo ya Biblia na mambo ya wakubwa, na alikamatwa zaidi ya mara moja. Mgeni anayewasema viongozi wa nchi ya watu, tena kwa gitaa, halali usingizi mzuri.

Tarehe 17 Mei 2006 alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu. Miaka miwili baadaye Ketebul Music ya Nairobi wakafanya kazi nzuri ya kuikusanya historia ya benga, kwa kitabu na filamu. Kazi ya Wakenya, na haki yao, wao ndio waliomlea. Upande wetu redio binafsi zilikuwa zimeshaingia tangu miaka ya 1990, Radio Free Africa ikarusha kutoka Mwanza hapa hapa, lakini wakati huo Misiani alikuwa mtu mzima na maisha yake yote yalikuwa ng'ambo.

Ukitaka kumsikia, tafuta albamu ya Benga Blast! ya mwaka 1989. Usisikilize kwa spika ya simu, besi yote itapotea.