Seng'enge ya Illinois, Nyumbu wa Isinya

Mwezi Novemba 1874, Joseph Glidden, mkulima wa mji wa DeKalb katika jimbo la Illinois, alipata hataza ya waya alioubuni. Ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na katikati vipande vifupi vyenye ncha, vimebanwa visiteleze. Hadi wakati huo wakazi wa nyanda za Marekani hawakuwa na njia rahisi ya kumzuia ng'ombe, kwa kuwa mbao zilikuwa haba na ua wa miche huchukua miaka kukua. Waya ukaleta jibu, na kizazi kimoja kilitosha kuzikata vipande nyanda ambazo mtu aliweza kuendesha farasi siku nzima asikute kizuizi. Sisi wa Isinya, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, tunaijua seng'enge hiyo. Tunainunua kwa roli pale Kitengela, tunaikaza kwenye nguzo, na wengi wetu hatujawahi kuuliza ilianzia wapi wala iliwaachia nini waliotutangulia kuitumia.

Mimi niliuliza nikiwa Chicago. Binti yetu anafanya kazi huko, akatualika mimi na baba watoto tukatembee tu, bila harusi wala matanga. Mume wangu amefuga tangu utotoni na likizo kwake ni neno la walimu kama mimi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba aonyeshwe soko la ng'ombe ambalo alikuwa amelisikia kwenye redio zamani.

Soko lenyewe halipo tena. Union Stock Yards ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1865, ikapokea mifugo iliyoletwa kwa reli kutoka nyanda za magharibi kwa zaidi ya miaka mia moja, kisha ikafungwa mwaka 1971. Limebaki lango la mawe upande wa kusini wa jiji, na juu ya tao lake kuna kichwa cha ng'ombe kilichochongwa. Mume wangu alikikazia macho muda mrefu. "Huyu alikuwa wa nyama, mama," akasema, "lakini malisho yake yalikuwa wapi?" Pande zote zilikuwa lami na maghala. Nikakumbuka Athi River, ambako kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya kimekuwa kikipokea ng'ombe wa Kajiado tangu miaka ya 1950, na jinsi nyumba zilivyokijia karibu mwaka hadi mwaka.

Kutoka hapo binti yetu alitupeleka kwenye makumbusho ya Field, karibu na Ziwa Michigan. Ukumbini wanasimama ndovu wawili wakubwa kama wanaopigana. Waliletwa na mume na mke kama sisi, Carl na Delia Akeley, waliokuja Afrika Mashariki mwaka 1905 kuitafutia makumbusho hiyo wanyama. Mmoja wa ndovu hao alipigwa risasi na Delia mwenyewe. Lakini tuliokaa nao zaidi ni simba wa Tsavo. Ni madume wawili wasio na manyoya ya shingoni, wamewekwa ndani ya kioo. Kanali John Henry Patterson aliwaua Desemba 1898 baada ya simba hao kuwala wajenzi wa reli kwa miezi mingi, akazitumia ngozi zao kama mazulia kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaiuzia makumbusho kwa dola 5,000. Ukiwasogelea unaona kwamba ni wadogo kuliko sifa zao, maana ngozi zilikuwa zimepunguzwa na kuchakaa kabla ya kujazwa upya.

Meno yao yalikuwa yamevunjika, na nywele za windo zilinasa kwenye matundu ya meno hayo. Mwaka 2024 wanasayansi, akiwemo mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza matokeo ya kuzipima: kulikuwa na nywele za mwanadamu, twiga, choroa, kuro, punda milia na nyumbu. Nyumbu ndiye aliyewashangaza, kwa sababu kwa kadiri walivyojua, malisho yake ya karibu wakati ule yalikuwa umbali wa kilomita 90 hivi. Mimi sikushangaa sana. Mnyama yule hutembea, na aliyekulia Isinya anajua hivyo.

Nilipokuwa mdogo nyumbu walitoka upande wa Nairobi mvua zikinyesha, wakashuka nyanda za Ilkaputiei mpaka kwetu, na ukame ukianza wakarudi mtoni Mbagathi. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa 1946, iliachwa wazi upande wa kusini kwa sababu hiyo, kwani kilomita zake 117 za mraba hazingewatosha. Wala sisemi kwamba tuliishi nao kwa mapenzi matupu. Nyumbu wakizaa baba alihamisha ng'ombe upesi, maana ndama wa nyumbu huleta ugonjwa unaomuua ng'ombe na hauna tiba. Aliweza kuhama kwa kuwa palikuwa na pa kuhamia. Mwenye ekari kumi zilizozungushiwa waya hana pa kumpisha nyumbu.

Na ardhi hii yenyewe tulibakishiwa. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, ule wa 1911 ukawaondoa Laikipia, na kusini ndiko tulikosukumwa. Mwaka 1968 ikaja sheria ya ranchi za pamoja, iliyompa kila mwanachama haki katika ardhi isiyogawanywa. Miaka 20 baadaye, 1988, ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mtu akachukua hati yake. Siwalaumu waliogawana. Hati ilikuwa kinga dhidi ya viongozi waliouza ardhi ya wengine, na iliwasomesha watoto, wetu wakiwemo. Ila viwanda vya Athi River vilihitaji wafanyakazi, wafanyakazi walihitaji viwanja, na kila kiwanja kikataka ua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji wa Kitengela. Nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei, waliokuwa takriban 27,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamebaki chini ya 3,000 kufikia 2014.

Kabla hatujaondoka Marekani tulipelekwa Midewin, kusini magharibi ya Chicago. Illinois ilikuwa na ekari milioni 22 hivi za nyasi za asili. Plau na waya havikuacha hata ekari moja katika kila elfu. Midewin ilikuwa kiwanda cha mabomu cha jeshi. Mwaka 1996 serikali ilianza kuigeuza tena kuwa nyika, mbegu zikapandwa upya, na 2015 nyati wa Marekani wakarudishwa, kundi la wachache tu. Tuliwaona kwa mbali, ndani ya uzio. Mume wangu aliuliza kazi hiyo itakwisha lini. Hakuna aliyemtajia mwaka.

Kwetu bado kuna kilichosalia, kuanzia Kisaju na Isinya kuelekea kusini. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe wala kuuza. Malipo hayo yalikuwa madogo mno ukiyalinganisha na bei ya ploti, na hapo ndipo serikali ya kaunti na ile ya kitaifa zinapaswa kuweka fedha za kweli, kila mwaka, bila kungoja wafadhili. Wewe ndugu yangu mwenye hati, kabla hujasimamisha nguzo, zungumza na jirani yako. Zungusheni boma na shamba la mboga, lakini malisho yaacheni yakutane, ng'ombe wenu wapate pa kwenda ukame kama wa 2022 ukirudi, na nyumbu wapate njia.