Moto wa Serengeti ulianzia kwa ng'ombe mgonjwa

Kila kiangazi moshi unapoonekana Serengeti, mjini husikika maneno yale yale: wafugaji na majangili wanateketeza urithi wetu. Nami niliwahi kuyaamini. Leo naomba tuitazame habari hii kwa miaka zaidi ya mia moja, maana kisa cha moto ule hakianzi na kiberiti. Kinaanza na ng'ombe mgonjwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikwisha kufika Umasaini. Ng'ombe walikufa karibu wote, na nyati na nyumbu wakafa pamoja nao. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa. Waliokuja baadaye wakaona nchi tupu, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Sotoka haikuondoka. Kwa miaka mingi iliendelea kuua ndama wa nyumbu kabla hawajakomaa, hivyo kundi likadumaa. Na pasipo na midomo ya kula, majani hurefuka. Majani marefu yakikauka ni kuni. Ndiyo maana hadi miaka ya 1960 sehemu kubwa ya Serengeti iliungua karibu kila mwaka, na miche ya migunga ikaungua kabla haijapanda juu ya kimo cha moto.

Dawa ilitoka nje ya hifadhi. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji na maboma yanayozunguka Serengeti. Hakuna aliyemkimbiza nyumbu na sindano! Lakini ng'ombe alipopona, nyumbu naye alipona, na kufikia mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu wa Serengeti. Mwaka 1961 walihesabiwa kiasi cha laki mbili na nusu. Mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na robo.

Sasa fuateni safari yao. Wakati wa mvua nyumbu hukaa kusini, kwenye majani mafupi yaliyoota juu ya majivu ya volkano, yenye madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Huko ndiko wanakozaa, wengi wao kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi. Uwanda ukikauka na maji kwisha, huondoka kuelekea magharibi, kisha kaskazini hadi mto Mara, kwenye mvua nyingi na majani marefu. Yaani wakati ule ule wa kiangazi ambapo moto ungepita, hupita kwanza midomo zaidi ya milioni. Wakishapita, moto hauna cha kula. Eneo linaloungua lilipungua sana katika miaka ya 1970, na migunga ikaanza kuota upya sehemu nyingi. Upande wa Mara haikuwa hivyo, kwa sababu tembo waliendelea kuing'oa na kuila miche. Mti haujui mipaka yetu, ila unamjua tembo.

Moto wenyewe si adui wa kila mnyama. Mahali palipoungua, mvua kidogo tu huchipusha majani mabichi, na swala tomi hukimbilia huko. Twiga anataka mgunga, swala tomi anataka uwazi ambamo simba huonekana kwa mbali. Kwa hiyo anayesema “turudishe Serengeti ya asili” namwuliza: ya mwaka gani? Ya kabla ya sotoka, au ya 1960 iliyopigwa picha na kuoneshwa duniani kote?

Mwaka 1959 mipaka ya hifadhi ilibadilishwa, na Wamasai wakatakiwa kuondoka Serengeti na kuhamia Ngorongoro. Watu hawa walizoea kuchoma malisho ili kuua kupe na kupata majani mapya, na kwa ajili hiyo waliitwa waharibifu. Siku hizi watumishi wa hifadhi wenyewe huwasha moto mapema kiangazi kinapoanza, majani yakiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usipate njia.