Mtumishi Aliyeongezewa Miujiza

Katika Song of the South, filamu ya Walt Disney ya mwaka 1946, mzee Mweusi wa shambani Georgia anamliwaza mtoto wa Kizungu kwa hadithi za sungura. James Baskett, aliyemwigiza mzee huyo, hakuhudhuria uzinduzi mjini Atlanta, kwani ubaguzi wa rangi ndio uliotawala huko. Mwaka 1948 akapewa tuzo maalumu ya Oscar. Mambo hayo mawili hayapingani. Hollywood ilimpenda mzee mwenye hekima kwa sharti kwamba hekima hiyo imfae mwingine, na mshauri Mweusi wa filamu zilizofuata ni mtumishi yuleyule, ila ameongezewa miujiza.

Katika The Defiant Ones (1958), mfungwa aliyeigizwa na Sidney Poitier anaikosa treni pamoja na uhuru wake, kwa kuwa mwenzake Mzungu ameshindwa kupanda. Katika riwaya ya Stephen King, The Shining, mpishi Dick Hallorann ananusurika. Stanley Kubrick, kwenye filamu yake ya 1980, anamtoa Florida hadi milima ya Colorado ili auawe mara tu afikapo, na faida ya safari nzima ni gari la theluji analowaachia mama na mtoto watoroke nalo. John Coffey wa The Green Mile (1999) anamponya askari jela, kisha anauawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa asilolitenda. Mwaka uliofuata, Bagger Vance, wa filamu yenye jina lake, akatokea Georgia ya miaka ya 1930 kumrudishia Mzungu ustadi wa gofu. Mwaka 2001 mwongozaji Spike Lee alihoji: mwenye uwezo huo anahangaikaje na gofu ilhali Weusi wenzake wananyongwa na magenge?

Atakayepinga atasema kila mshauri humtumikia shujaa, na kwamba hata Obi-Wan Kenobi wa Star Wars hufa njiani. Ni kweli, lakini Obi-Wan ana vita alivyopigana na mwanafunzi aliyemsaliti. Bagger Vance hana kwao wala jamaa. Wala kosa si la kumweka mgeni katika nafasi ya mwalimu. Miyagi wa The Karate Kid (1984) anakaribia sana kuwa mzee wa Kiasia wa mafumbo, mpaka usiku anapolewa akimlilia mkewe na mtoto wao mchanga, waliofia Manzanar, kambi ya kuwafungia Wamarekani wa asili ya Kijapani, wakati yeye akipigana katika jeshi la Marekani. Kwa tukio hilo moja anapata maisha yasiyomhusu mwanafunzi wake.

Wengine watauliza kama mhusika mwema si bora kuliko mwizi. Ni bora, ila wema usio na matakwa yake wenyewe ni utumishi tu. Kipimo ni kumwondoa shujaa kwenye hadithi: Miyagi atabaki na msiba wake, Bagger Vance hatakuwa na la kufanya.